Ila

Saa mbili asubuhi, Nianjema, siku ya tatu tangu sindano.
Nabisha hodi na kipimajoto, rula ya plastiki,
na daftari lenye namba mahali pa majina.
Mtoto huyu ni arobaini na saba.
Mwantumu, mama yake, anamwita Kondo. Nami pia.

"Habari za tangu juzi?"
"Salama."
"Mtoto?"
"Hajambo, tunamshukuru Mungu."

Mwaka wa kwanza ningeandika hivyo hivyo,
hajambo, hajambo, hajambo,
karatasi safi kama kanzu ya Idi,
hadi Daktari Mbelwa aliponiuliza:
"Mji gani huu, watoto mia na hakuna aliyelia?"

Sasa nimejifunza kukaa.
Napokea kigoda, nachambua naye mchele,
namngoja yule anayekuja nyuma ya salama
akiburuta miguu:

"Ila usiku ule..."

Haya. Kalamu.

Ila usiku ule alichemka,
khanga niliyomfunika ikanuka kama imepigwa pasi.
Ila alikataa ziwa mpaka alfajiri.
Ila baba yake kasema: homa mnaizuia, au mnaileta?

Naweka rula begani. Milimita kumi na mbili.
Sijui kapata kipimo kile kikubwa
au hiki walichokipunguza hadi robo;
bahasha zimefungwa, hata kwangu.
Huko maabara wanatafuta alichokijua kila mpishi wa pilau:
iliki ikizidi, chakula hugeuka dawa.
Wapunguze wapi, damu isisahau sura ya adui
na mama asikeshe?

Bibi anafunua mkono. Chale tatu, nyeusi.
"Sisi tulichanjwa kwa wembe, likasuguliwa jivu.
Tuliambiwa dawa isiyouma si dawa.
Hakuna aliyerudi siku ya tatu kutuuliza."

Sina jibu. Naandika joto: thelathini na saba, nukta moja.
Fomu haina kisanduku cha baba aliyekasirika;
nimembana pembezoni, kwa herufi ndogo,
mbali kidogo na uvimbe.

Namgeukia Kondo. Ameing'ata rula yangu,
meno mawili ya chini, mapya,
yamebaki alama kwenye milimita ya tisa.
Hilo nalo halina safu.
Naliandika.