Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto, leo umekosa kazi.
Nimeketi ndani ya gari la Singano
hapa Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
ukawa unatafuta klachi kama mtu
apapasaye kiberiti umeme ukikatika.
Ukagusa zulia tu.

"Shangazi, hakuna," akasema, akicheka.
"Hili halina gia. Kanyaga, liende."

Nikakanyaga, likaenda.
Halikukohoa, halikutetema,
halikuniuliza kitu.
Likateleza hadi Chumbageni kama siri,
na mpanda baiskeli mwenye tenga la mikate
aliyekuwa hajasikia kitu nyuma yake
akanitukania marehemu mama.

Miaka ishirini na sita, mguu wewe,
tumeufunza mji huu kuendesha.
Korola nyeupe, klachi mbili, breki mbili,
kibao chenye L kimefungwa kwa waya.
Unamkumbuka Bwana Shekilindi wa benki?
Alizima gari mara kumi na moja
mbele ya soko la Mgandini,
wauza nazi wakimhesabia kwa sauti.
Mara ya kumi na mbili klachi ikashika,
soko zima likapiga makofi,
naye akalia, mtu mzima, na tai yake shingoni.

Gari la umeme halizimi hovyo.
Sasa watu kama yule watalilia wapi?

Singano ananiambia, huko viwandani
wameanza kuwaza gia ya maigizo:
fimbo ya kushika, klachi ya kukanyaga,
spika ya kunguruma,
na ukikosea, gari linajifanya limezima.
"Likitoka nikuagizie, Shangazi?"

Nimeliwaza usiku kucha.
Ni kama kumrekodia mjane mkoromo wa mumewe
ili apate usingizi.
Mimi ni mjane, najua nisemalo.
Mkoromo ule niliulalamikia miaka kumi na tisa;
siutaki kwenye spika.

Wala sisemi ya kale yalikuwa matamu.
Pleti ya klachi ilikula pete yangu ya ndoa
kwa sonara, mwezi wa Ramadhani.
Na nyonga hii, kila mvua ya vuli,
inanisomea hesabu ya kila taa nyekundu.

Ila kuna pale, kwenye mpando wa kwenda Amani,
gari haliendi, halirudi,
limening'inia kwenye unyayo wako,
nawe unalisikia likitetema chini kwa chini:
niende?
Hapo sikuwahi kupata maneno ya kufundishia.
Nilikuwa nasema tu, sikiliza kwa kisigino,
wakanicheka, halafu siku moja
wakanyamaza, wakasikia.

Kesho saa mbili anakuja Mwantumu Kaniki,
miaka kumi na minane, ana haraka.
Anataka kujifunzia lisilo na gia.
Singano ameniachia lake, kalichaji usiku.
Nitamfunza vioo, alama za barabarani,
na wenye mikate ambao hawatamsikia akija.
Wewe utakaa pembeni, utulie.

Lakini nakujua.
Tukifika penye mpando, hata mdogo,
utakanyaga zulia.
Akiuliza mguu huo unafanya nini,
nitamwambia unaamkia.