Gunia Lenye Jina Langu

Miaka kumi na mmoja nimechambua buni
kwenye meza ile ile, kiwandani, Moshi,
reli ikiwa nyuma ya ukuta, treni ikija inapojisikia.
Mkono wangu hauniulizi:
nyeusi, toa.
Iliyotobolewa na mdudu, toa.
Iliyovunjika, yenye ukungu, toa.
Punje nzuri siitazami. Inapita
kama mtu mwenye haraka zake.

Hiyo ni kazi, na anayeona kasoro ndiye anayelipwa.
Shida ilianza mkono uliponifuata nyumbani.

Pasua, saa nane usiku. Bati linapoa, linalia tik.
Ombeni amelala kama gunia lililokwisha kushonwa.
Mimi naimwaga siku gizani na kuanza:
jibu nililompa mama mkwe mwaka juzi,
sufuria ya maharage iliyoungua,
mwanangu aliyesimama getini shuleni, wenzake wote wameshachukuliwa.
Kiwandani mbaya hutupwa.
Usiku mbaya ndizo ninazofunga kwenye pindo la kanga,
nalala nazo ubavuni, zinanichoma.

Daktari Namsifu, binti wa Kipare, sauti ndogo,
aliniketisha mbele ya kompyuta.
Maneno yalikuja moja moja.
*Je, huyu ni wewe?* Bonyeza ndiyo, bonyeza hapana.
Mzembe. Mkarimu. Mzigo. Hodari. Msikivu. Bure.
Kisha akaniletea chai, akaniuliza habari za mvua Rau,
na chai ilipofika nusu akasema:
Haya, nitajie unayoyakumbuka.

Mzigo, nikasema. Mzembe. Bure. Mwoga. Mchoyo.
Yalitoka yamenyooka kama watoto wa shule mstarini.
Akanigeuzia karatasi.
Kumi na mawili yalikuwa mazuri.
Nilitaka kuapa kwamba hayakuwepo.

Tukarudia, safari hii maneno yakimhusu jirani yangu, Mama Haika.
Mkarimu, nikakumbuka. Mbishi. Mcheshi. Mchoyo wa chumvi.
Tamu na chungu, kama alivyo mwenyewe.
Mizani ilisimama sawa.

"Jicho lako zima," akasema daktari.
"Ni gunia moja tu, lenye jina lako,
linalofika mezani likiwa limeshahukumiwa.
Ubongo unashika kinachokubaliana na hukumu,
kingine unakiacha kipite."

Ungedhani nililia kwa nafuu.
Niliwaza: ona, hata kuumwa sijui kuumwa.
Hiyo nayo nikaifunga pindoni.

Vidonge, kila jioni baada ya chakula.
Kuzungumza, kila Alhamisi, na nauli ya kukopa.
Wiki ya tatu, hakuna kitu. Wiki ya tano, hakuna kitu,
ila nilisikia harufu ya ndizi za Mama Haika zikichomwa
na nikagundua muda mrefu sikuwa nasikia harufu.
Mlima haukufunguka kwa ajili yangu.
Ulikuwa Aprili, ulijifunika hadi magotini.

Jana usiku bati lililia tik, mkono ukaamka.
Nikaufuata hadi chini kabisa ya gunia
na huko nikakuta jina.
Aikaruwa: asante, Mungu.
Bibi ndiye aliyenipa, Machame, siku niliyozaliwa.
Nilikuwa na unyevu na makelele tu,
sijafanya jema lolote, sijaharibu kitu,
na mtu mzima mwenye akili zake
alinitazama, akashukuru.

Kila mchambuzi anazijua punje za namna hiyo:
kwa taa huwezi kuziamua.
Unazisogeza ukingoni mwa meza,
unangoja kupambazuke.

Nimeisogeza.
Siwezi kusema naiamini.
Lakini sijaitoa.