Chini ya Mstari

Siku ya kwanza Mwalimu Shekiondo alichora mstari ubaoni.
"Juu andikeni wagonjwa. Chini je?"
Tukanyamaza.
"Chini ni watu wote. Wazima ni nusu ya habari,
na hakuna anayewapigia hodi."

Siku ya tatu kipindupindu kikatutahini kabla yake.

Ngamiani barabara zina namba.
Zamani nilidhani ni uvivu wa wapimaji.
Sasa nilitia vitone vyekundu kwenye ramani:
ya tisa kimoja, ya kumi na moja viwili,
ya kumi na tano kalamu ikachoka.
Hapo kulikuwa na harusi, Jumamosi.

Nani. Wapi. Lini.
Nikayabeba mlango hadi mlango kama mdai.
Ulikula nini? Biriani.
Na wazima? Biriani vilevile.
Biriani ikaachiwa huru.
Ulivaa nini? nikauliza, kwa ujinga wangu,
maana wanawake kumi na tisa waliolazwa Bombo
wote walikuwa na sare, kanga ya rangi ya ndimu:
FURAHA YA JIRANI NI YETU SOTE.
Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.
"Kanga haimharishi mtu. Wenye sare
waliandaliwa nini, kabla ya wengine?"

Ukwaju. Ukwaju wa barafu.

Waliokunywa, sitini na mmoja: wagonjwa arobaini na watatu.
Wasiokunywa, hamsini na wanane: wagonjwa wawili.
Hao wawili walininyima usingizi.
Mmoja alikuwa mwosha glasi.
Wa pili hadi leo sijamwelewa.
Na katika wazima alikuwamo Kidawa, miaka saba,
aliyenyimwa ukwaju kwa utundu wake.
Alinijibu akiwa bado amenuna.

Nikaifuata barafu.
Barafu ikanifikisha kwenye friji ninayoijua,
mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
ndani vifuko vya maji ya kisima cha uani,
maji ambayo hayajaona moto.
Friji ya Shangazi Somoe.
Friji iliyonilipia ada.

"Andika kisima," Mwalimu akasema. "Usiandike Somoe.
Tunatafuta njia, hatutafuti mkosaji.
Mgonjwa mmoja akizaa wawili, moto umeshika.
Akizaa nusu, unazimika."
Nusu mgonjwa! Darasani tungecheka.

Jioni tukatia klorini. Shangazi alitushikia tochi,
hakuuliza nilijuaje.

Siku ya tano vitone vikapungua. Ya kumi na mbili, hakuna.
Hakuna pia aliyekuja kushukuru:
asiyeugua hajui kwamba hakuugua.

Ila Ijumaa alikuja mtoto na kifuko cha barafu,
kimepigwa mafundo mawili.
"Shangazi anasema haya yamechemka.
Anasema, na hiki nacho kihesabu."
Nikakihesabu. Chini ya mstari.