Dohani ya Heino

Bibi Leida aliniita Februari,
barafu ingali imeng'ata kingo za mto Emajõgi.
"Njoo, fundi. Madirisha yangu yanalia."

Nikaenda na kisu, mshumaa na karatasi moja.
Nyumba ya mbao, Tartu, mtaa wa Maharage
(usicheke, mtaa wa pili unaitwa Njegere),
madirisha saba, kila moja na mwenziwe wa ndani,
na katikati yao, kwa desturi ya baridi,
pamba imelazwa kama kichanga.

"Taja viungo," akasema. Alikuwa mwalimu, ilionekana.
Nikataja: fremu, iliyokumbatiwa na ukuta;
miimo miwili, mabega yake;
kizingiti cha chini, kinachokunywa mvua yote;
bawa lifungukalo, na bawaba zake, na komeo;
vioo; na puti, inayoshika vioo
kama ufizi ushikavyo meno.
"Umesahau pamba."

Nikawasha mshumaa, nikaupitisha kando ya fremu.
Jikoni, moto ulisimama wima.
Chumbani uliinama kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea.
Dirisha la kaskazini likauzima.
Karatasi nikaibana baina ya bawa na fremu, nikavuta:
ikatoka bila ubishi.
Dirisha hilo halifungi. Linajifanya.
Kisha kisu, pale rangi ilipofura malengelenge:
ncha ikazama kizingitini bila kusukumwa,
kama kwenye mkate uliolowa chai.
Mbao ilikwisha zamani, imebaki jina.

"Na yale mengine? Yanatoka jasho kila asubuhi."
Bibi, jasho linalofutika kwa kitambaa si ugonjwa.
Ni wewe unapumua. Ni kabichi yako jikoni.
Ugonjwa ni ule wa kwa binti yako, Annelinn,
vioo viwili vilivyogundishwa kiwandani, ukungu umenaswa katikati,
unafuta huku, unafuta kule, hauguswi.
Hilo ndilo la kutupwa, na lina miaka kumi na miwili.
Haya yako yamemzika aliyeyatengeneza.

Bosi wangu, Priit, hulipwa kwa hesabu ya matundu.
Andika saba, aliniambia.
Niliandika: manne, puti mpya.
Mawili, bawaba na mafuta.
Moja life.
Na kwenye moja ya yale manne sikubandua puti yote,
kona ya chini kulikuwa na alama ya kidole gumba,
pana, yenye kovu.
"Endel," akasema Bibi Leida, akaenda kukoroga kabichi.

Aprili nikaling'oa lile la kaskazini.
Msumari mmoja ulipiga kelele, mingine ilitoka kimya.
Nikatia jipya, nikalipima kwa timazi, nikajaza povu pembeni,
nikapangusa kioo, nikamwita.

Alitazama muda mrefu. Nilidhani nimekwaruza kitu.

"Dohani ya Heino," akasema.
"Ina nini?"
"Imenyooka."

Miaka thelathini na moja, Endel aliketi kwenye kiti kile,
akitazama dohani ya jirani ikipinda kuelekea paa lake.
Aliandika barua kwa halmashauri, tisa.
Alikataa samaki wa Heino, wa moshi, wa Krismasi.
Alikufa akisema, mtakuja kuniambia siku itakapoanguka.

Nikaokota kioo cha zamani, kile chenye mawimbi,
kilichomwagwa enzi ambazo kioo hakikujua kutulia,
nikakiinua mbele ya macho yake.
Dohani ikalala upande.
Nikakishusha, ikasimama.
Tukafanya hivyo mara tatu, kama watoto.

Hakucheka. Alikifunga ndani ya gazeti,
akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu,
akahesabu fedha zangu, akanipa na mtungi wa matango ya siki.

Mlangoni alinishika mkono.
"Unapita makaburi ya Raadi ukirudi?"
Napita.
"Usimwambie."