Spoki Thelathini na Mbili

Mara ya kwanza ulianguka mbele ya kibanda changu, Tandika,
miaka kumi na mmoja, baiskeli ya kaka yako,
mguu umeupenyeza chini ya bomba kwa sababu kiti hukifikii.
Hukulia. Uliutukana mtaro.
Nikaweka chini bisibisi, nikakutazama vizuri.

Sasa una kumi na tisa, Sikudhani.
Picha yako imebandikwa kwenye kuta za Temeke kwa uji wa ngano,
na watu wa saruji wamekupa jezi ya kijivu
pamoja na tabasamu la kuvalia jezi hiyo.

Mzunguko wa nne, Kigamboni.
Fuso la mchanga lilipita alfajiri pale kona ya Kibada
likaacha vumbi kidogo, kiasi cha ukurasa mmoja.
Nilikuwa nyuma, kwenye pikipiki ya Makame,
gurudumu la akiba nimelivaa shingoni.
Nilisikia kabla sijaona:
kama kabati la vyombo limeshuka ngazi peke yake.

Ulikuwa chini ya wenzako watatu.
Goti limefunguka, jeupe,
damu haijakumbuka bado kazi yake.
"Haraka, Mzee Kitwana! Haraka!"
Na mikono hii, iliyofungua nati gizani miaka thelathini na nne,
ikasahau kulia ni wapi.
Sekunde kumi na nane. Ulizihesabu kwa sauti,
moja moja, kama mdai mlangoni.
Kisha chupa ikanipiga begani.
Na neno ulilolisema siliandiki hapa,
mama yako anajua kusoma.

Ukaondoka.
Upepo wa Mjimwema ulikuwa usoni, msafara umeshakuwa nukta,
nawe unakanyaga kwa hasira, gia nzito mno,
kichwa kinayumba, mabega yanafanya kazi ya miguu.
Nilipiga kelele: legeza! Legeza!
Makame akaniambia, mzee, hakusikii,
huyo anagombana na barabara.

Jina lako lina taabu.
Ukishinda, watu huliimba.
Ulipokata utepe ambao haukuwepo tena, wa kumi na moja,
walilisema polepole, Sikudhani,
kama mtu aliyetajiwa bei.
Bwana wa saruji alipata simu ya ghafla.
Mwenye kipaza sauti akauliza, dada, nini kimetokea leo?
na goti lako likimjibu pale pale, mpaka kwenye soksi.
Ukaenda nyuma ya simtanki, ukalipiga teke mara tatu.
Nilikuona. Lilikuwa limejaa maji. Halikutikisika.

Usiku umeme ulikatika Tandika yote.
Ukaja unachechemea, ringi iliyopinda mkononi
kama chapati aliyoikunja mtu akaghairi kuila.
Hukuomba radhi. Sikukudai.
Ukakaa juu ya debe la oili.
"Inapona hii?"

Nilikuwa na hotuba, mwanangu.
Niliipanga tangu kwenye daraja:
kwamba spoki ya kulia ikivuta peke yake ringi huenda kulia,
kwamba ukikaza zote kwa hasira hukatika moja, usiku,
baiskeli ikiwa imeegeshwa tu ukutani.
Nilipofungua mdomo nikaichoka mwenyewe.
Nikakupa ufunguo.

Ukakaza. Ukazungusha. Shii, ikagusa breki.
Ukakaza zaidi. Shii.
Ukautupa ufunguo, ukauokota mwenyewe.
"Robo," nikasema.
"Robo tu?"
"Robo. Halafu ngoja."

Muuza chipsi akafunga, akatuachia mbwa wake na harufu.
Ulizungusha, ukasikiliza, ukarudisha robo.
Simu yangu, iliyokuwa tochi yetu, ilibaki na chaji asilimia sita.
Ulipoiinua uone vizuri, mwanga ukaangukia bega langu,
pale penye alama ya samawati, saizi ya mdomo wa chupa.
Uliitazama kwa muda mrefu kuliko sekunde kumi na nane.
Kisha ukaurudisha mwanga kwenye ringi,
ukashika spoki ya kumi na saba.

Kumi na tano zilikuwa bado.