Ng'ombe wa Fearchar

Wamemvika Eachann koti jekundu la askari wa mfalme,
wamemlipa afe.
Amekufa mara saba tangu asubuhi:
mara ya tatu wingu lilihama,
ya tano kondoo wake mwenyewe alilia nyuma ya jemadari.

Bonde hili halijawahi kukopa mvua,
ila leo mvua ya Mungu ni nyembamba mno kwa kamera;
limeletwa lori la zimamoto.

Kalala matopeni, shavu kwenye kangaga,
anaviona viatu vya shujaa vikimruka.
Vina zipu.
Juu ya zipu, sketi ya miraba; juu ya sketi, ndevu za gundi;
ndani ya ndevu, sauti inaapa
kuwarudishia wajane ng'ombe wao.

Maiti inabana kicheko.

Kwao, Fearchar huyuhuyu alichukua ng'ombe mmoja,
mweusi, pembe imepinda,
akasema: theluji ikiyeyuka nitamleta.
Bibi wa bibi yake hakufunga zizi hadi alipozikwa.
Na bado, jina hilo likitajwa mezani,
wanaume walivua kofia.

Miezi kumi baadaye, sinema ya Inverness,
Eachann na dada yake Beathag, mfuko wa bisi katikati.
Shujaa anapanda mlima, vinanda vinapanda naye.
Eachann anatokea: mgongo, sekunde mbili.

Beathag, macho yamelowa, mkono haujaacha bisi:
"Mzuri, mwizi wetu."

Usiku anatoka na tochi
kuhakikisha zizi limefungwa.
Analifungua.