Chupa ya Kumi na Saba

Makapi ya mkonge hunuka hadi kanisani,
alisema mama, akifua shati la baba mara ya tatu.
Korona ya Ngomeni ilitema ukijani mtoni,
kambare wakaelea matumbo juu,
nasi tukajikuna miguu njia nzima ya shule.

Leo nimerudi na ndoo yenye mfuniko.
Msimamizi Shekiondo anacheka:
“Umesoma miaka yote hiyo uje kuchota uozo?”
Nachota.

Chini kabisa ya lundo, penye joto kama uji,
wanaishi wasioonekana,
wanaomeng'enya jani bila panga wala kipande.
Nawalisha makapi yaleyale, chumvi kidogo,
nawatikisa usiku kucha kama mtoto mwenye homa.
Umeme ukikatika nawafunika khanga.

Chupa kumi na sita zimekufa.
Ya kumi na saba imetoa povu,
na kimeng'enya chake, rangi ya chai ya mkandaa,
nimekidondosha juu ya shati la baba,
kwenye doa la miaka ishirini.

Nusu saa.
Mama analigeuza shati kwenye mwanga wa dirisha.
“Bado,” anasema.
“Lakini limesikia.”